Hela ya msaada ikishatoka mkononi mwako

Watu wakishajua kazi niliyoifanya miaka yote hii swali huwa ni lilelile, hivi ile michango tunayotoa inafika kweli au tunajichosha tu? Mimi nimekuwa mtunza hesabu wa mashirika madogo ya misaada, yale ambayo ofisi ni vyumba viwili na printa moja inayogombaniwa, nimeingiza michango vitabuni, nimelipa mishahara, nimekaa na wakaguzi, nimeandika ripoti za wafadhili usiku wa manane, kwa hiyo naongea kama mtu aliyeiona hela upande wa pili. Na jibu langu ni kwamba kutoa kunafaa, tena kunafaa kuliko wengi wanavyodhani, ila michango haifanani, upo unaookoa mtu na upo unaoishia stoo, na ukiwa upande wa kutoa hiyo tofauti huioni kabisa. Naandika haya kwa sababu naona watu wengi wanaacha kutoa kwa sababu zisizo na msingi, na wengine wanatoa kwa moyo mweupe kabisa halafu hela inaenda kuumiza watu.

Nianze na hili la masharti maana ndo lililonisumbua kuliko yote. Hela ya msaada karibu yote huingia ikiwa imeshapangiwa, hii ya madawati, hii ya kisima, hii ya sare, na sisi wa hesabu tunaziita fedha zenye masharti, yaani huruhusiwi kuzigusa kwa kitu kingine hata kama hicho kingine ndo kinachowaka moto. Kuna zahanati moja niliyokuwa natunza vitabu vyake, mfadhili akaijengea wodi ya wazazi, wodi nzuri, vigae mpaka kwenye kuta, kibao cha shaba mlangoni chenye jina la familia yake. Mwezi ule wodi inafunguliwa benki tulikuwa na salio ambalo ungeliona ungesema hawa wameshiba, na wakati huohuo nesi wa zamu ya usiku alikuwa hajalipwa. Salio lote lilikuwa na mwenyewe, kuna la vitanda awamu ya pili, kuna la rangi, kuna la sherehe ya uzinduzi, nikapitisha kidole kwenye karatasi mstari kwa mstari natafuta hata mmoja unaoweza kumlipa nesi, sikuupata. Akavumilia, akavumilia, mwisho akapata kazi kwingine akaenda, na huwezi kumlaumu, ana watoto. Wodi ikawa inafungwa jioni. Uchungu haungoji saa za kazi, kwa hiyo wanawake waliofika usiku walikuta mlinzi tu, anawaelekeza pa kwenda.

Na mfadhili mkubwa siye aliyekuja kuifungua tena. Ni watu waliokuwa wanatuma kiasi kidogo kila mwezi bila kuandika ni cha nini, mstaafu mmoja, kikundi cha akina mama, vijana fulani waliowahi kusomeshwa na watu wasiowajua, kwenye daftari langu walikuwa wanaingia kwenye mstari unaoitwa michango ya jumla ambao ukiuangalia harakaharaka unaona ni mstari mdogo usio na maana. Ukijumlisha mwaka mzima ule mstari ulitosha mshahara wa nesi, na uzuri wake tulijua mwezi ujao utakuja tena, hivyo tukaweza kumpa mtu mkataba. Hela kubwa inayokuja mara moja ni ngumu sana kumwajiri nayo mtu, utajenga nayo ukuta. Tangu hapo mtu akiniambia mimi changu kidogo hakitasaidia kitu namwambia kidogo cha kila mwezi kisicho na masharti ndo kitu adimu kuliko vyote kwenye hii kazi.

Sasa hapa linaingia lile swali maarufu, asilimia ngapi inaenda kwa walengwa na asilimia ngapi inaliwa na ofisi. Naelewa linatoka wapi, watu wameibiwa, wameona magari makubwa na semina za hotelini zisizoisha. Lakini nikiwa mtu wa hesabu nakwambia hiyo asilimia ndo namba rahisi kuliko zote kuipamba, dereva ukimwandika chini ya usambazaji badala ya utawala asilimia imeshapendeza na kwa mgonjwa hakuna kilichobadilika hata chembe. Mwaka 2013 taasisi tatu za Marekani ambazo kazi yao ndo hiyo ya kuwapa watu taarifa za mashirika ya misaada, GuideStar, Charity Navigator na BBB Wise Giving Alliance, ziliandika barua ya wazi kwa watoaji kuwaomba waache kulipima shirika kwa gharama za uendeshaji peke yake. Nakubaliana nao kabisa kwa sababu nimeona shirika linalojisifu kwamba halina gharama za ofisi linavyoibiwa. Sehemu moja niliyofanya kazi wizi uligundulika kwenye mafuta ya gari, risiti za wiki tofauti kabisa zilikuwa na namba zinazofuatana, yaani mtu amekaa na kitabu kizima cha risiti nyumbani anaandika anavyotaka, na kilichofanya igundulike ni kwamba kulikuwa na mtu analipwa kuzipanga mezani moja moja na kuzilinganisha na kitabu cha safari. Huyo mtu ni gharama ya ofisi.

Vitu navyo, nguo, viatu, dawa, kwa ufupi tu. Ukituma hela tunanunua kinachohitajika hapohapo, ukituma maboksi tunalipia usafiri, ushuru, stoo na vijana wa kuchambua. Nimeshafungua boksi la vidonge vya presha vyenye maandishi ya lugha ambayo pale ofisini hakuna aliyeweza kuisoma na vimebakiza wiki chache kuisha muda, na dawa iliyoisha muda hutupi jalalani, inateketezwa kwa utaratibu na kuteketeza kwenyewe kunalipiwa. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa misaada ya dawa tangu mwaka 1996 na mojawapo ya vipengele vyake ni kwamba dawa ikifika iwe imebakiza angalau mwaka mmoja. Miaka yote hiyo na bado maboksi yanakuja.

Tukija kwenye kuwapa watu hela taslimu, hapa nimebishana na kamati nyingi sana. Kila mara kuna mtu mzima mwenye heshima zake anasema ukimpa maskini hela ataenda kuinywa. Mwanzoni nilikuwa nabishana kwa maneno tu, baadaye nikawa naenda na karatasi. David Evans na Anna Popova wa Benki ya Dunia walipitia tafiti 19 kuhusu watu waliopewa hela, matumizi ya pombe na sigara hayakuongezeka, na sehemu nyingine yalipungua. Alafu kuna ule utafiti mkubwa uliofanyika Siaya kule Kenya, shirika la GiveDirectly likatoa kama dola 1,000 kwa kila kaya, kaya zaidi ya 10,500, na vijiji vilivyoingia kwenye utafiti ni 653, wachumi wakafuatilia hela inazunguka vipi. Wakakuta kila dola iliyoingia ilizalisha shughuli za kiuchumi za karibu dola 2.5 kwenye eneo lile, wenye maduka na mafundi ambao hawakupewa chochote nao wakapata kipato, na bei za vitu zikapanda kidogo mno, kama asilimia 0.1. Mimi nikisoma kile kitu nilisikia faraja kwelikweli kwa sababu kinaeleza nilichokuwa nakiona kwenye fomu zetu.

Fomu zenyewe zilikuwa hivi, kuna mradi tulijaribu kutoa hela taslimu kwa akina mama wenye watoto wanaokaribia kuacha shule, baada ya muda mfanyakazi wetu anapita kuuliza umeifanyia nini. Tulitegemea majibu ya ada, madaftari, pengine mbuzi. Mama mmoja akajibu nimelipa deni. Kamati ikanuna, hela ya shule inalipaje deni? Mfanyakazi wetu, dada mmoja mwenye akili na subira, akamuuliza zaidi. Kumbe deni lilikuwa la matibabu ya mumewe, na aliyemkopesha alikuwa anamchukua kijana wake mkubwa kumfanyia kazi siku za wiki kama riba. Deni likaisha, kijana akarudi darasani wiki ileile. Hakuna kamati duniani ingekaa ikabuni mradi unaoitwa kulipa deni la mama fulani, lakini yeye alijua ndo kufuli la kila kitu pale nyumbani kwake. Nilijifunza kwamba umaskini wa kila nyumba una sehemu yake ulipofungia na anayeijua ni anayeishi ndani, na ndo maana mpaka leo mtu akiniuliza atoe nini na hana taarifa za kutosha namwambia toa hela, waachie waamue.

Sisemi hela taslimu inamaliza kila kitu. Kuna vitu mtu mmoja hawezi kujinunulia hata umpe hela, chanjo ya kitongoji kizima kwa mfano, au elimu ambayo bado haijamfikia. Mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa BRAC wa Bangladesh, shirika lililoanzishwa na Fazle Hasan Abed mwaka 1972. Kuharisha kulikuwa kunaua watoto vibaya, na dawa yake ilishajulikana, maji yenye chumvi na sukari, ishu ilikuwa kuifikisha kwa mama ambaye hajasoma na hana mizani. Kuanzia 1980 wakatuma wanawake nyumba kwa nyumba wafundishe kwa mikono, chumvi ya kubana kwa vidole vitatu, konzi ya sukari guru, nusu lita ya maji, na mama hasikilizi tu, anachanganya mwenyewe mbele ya mwalimu. Ndani ya miaka 10 wakafika nyumba zaidi ya milioni 12. Lakini kinachonifurahisha mimi mtu wa hesabu ni walivyolipana. Mwalimu hakulipwa kwa idadi ya nyumba alizotembelea, baadaye alipita mtu mwingine kwa baadhi ya wale akina mama kuangalia kama bado wanakumbuka na wanachanganya sawasawa, na malipo ya mwalimu yalitegemea hapo. Nimekaa kwenye mikutano mingi ya bajeti ambapo tunahesabu vipeperushi vilivyogawiwa na watu waliosaini karatasi ya mahudhurio, na kila mara nawaza wale akina mama. Kama mwalimu wetu angelipwa kwa kile mama anachokumbuka, semina zetu zingebaki ngapi?

Neti nazo zina funzo. Kuna kipindi wataalamu wengi waliamini ukimpa mtu neti bure hataithamini, ataenda kuvulia samaki, kwa hiyo bora alipe hata kidogo. Jessica Cohen na Pascaline Dupas wakaenda kulipima hilo Kenya kwa wajawazito waliokuja kliniki, na utafiti wao ukachapishwa 2010. Hata bei ya senti 60 za dola ilitosha kuwafanya wengi waondoke bila neti, na waliopewa bure walizitumia sawasawa na walionunua. Hiyo hoja ya kwamba cha bure hakithaminiwi nimeisikia kwa watu waliosoma sana, na ukiipeleka kwenye neti maana yake ni mama mjamzito anaenda kulala bila neti kwa sababu ya nadharia tu.

Sasa sehemu ngumu. Upo msaada unaoumiza na lazima tuuseme. Mwaka 2006 mradi wa PlayPump ulipata umaarufu mkubwa, pampu ya maji iliyofungwa kwenye bembea ya kuzunguka, watoto wakicheza maji yanapanda kwenye tenki, Marekani ilitangaza ufadhili wa dola milioni 16.4 na kila aliyeona picha alipenda. Tatizo ni kwamba kuinua maji ni kazi nzito na watoto wanacheza wakijisikia, gazeti la Guardian lilipopiga hesabu mwaka 2009 likakuta ili bembea moja itoe maji kwa watu 2,500 kama ilivyoahidiwa watoto wangetakiwa kucheza saa 27 kwa siku. Vijiji vingine wakina mama wazima ndo waliishia kuizungusha kwa mikono. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya pale, ila mwenye kufurahishwa na ile bembea alikuwa mtoaji, na mwanamke mwenye ndoo hakuulizwa.

Hilo la bembea ni hasara ya hela. Linaloniuma mimi ni vituo vya watoto yatima, na hapa nitakaa kidogo. Watu wengi wakitaka kutoa sadaka kwa mara ya kwanza wanafikiria kituo cha watoto, wanaenda na mchele na sabuni, watoto wanaimba, picha zinapigwa, kila mtu anarudi nyumbani amelainika moyo. Nimewahi kuombwa na marafiki zangu nikague hesabu za kituo kimoja walichokuwa wanakichangia, na kwenye faili za watoto nikawa naona namba za simu za wazazi. Za wazazi kabisa, mama yupo, mara nyingine na baba yupo. Nilipouliza nikajibiwa wazazi hawana uwezo, huku watoto wanakula na wanasoma. Nikapiga hesabu ya gharama ya kumtunza mtoto mmoja pale kwa mwezi, ukijumlisha jengo, walinzi, wapishi, ilikuwa inazidi sana kile ambacho mama yake angehitaji kumtunza nyumbani. Yaani tulikuwa tunalipa zaidi ili mtoto akae mbali na mama yake.

Na hiki sio kisa cha kituo kimoja. Save the Children walieleza mwaka 2009 kwamba angalau watoto wanne kati ya watano waliopo kwenye vituo duniani wana mzazi aliye hai. Na madhara yake kwa mtoto yamepimwa, Charles Nelson na wenzake walianza utafiti Bucharest, Romania, mwaka 2000, wakawagawa kwa bahati nasibu watoto 136 waliokuwa kwenye taasisi, wengine wakapelekwa kwenye familia za malezi na wengine wakaendelea kulelewa walipo, na waliopata familia walikuwa vizuri kiakili kuliko waliobaki, hasa waliotoka mapema wakiwa bado wadogo sana. Desemba 2019 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipitisha azimio linalozitaka nchi zielekee kwenye malezi ya familia na kuachana hatua kwa hatua na hivi vituo. Nawaheshimu sana walezi wa vituo, nimewaona wakilala na mtoto mgonjwa kifuani, na wapo watoto ambao kweli hawana mtu. Lakini hela ikiendelea kumfuata mtoto aliyeko kituoni na isimfuate mama aliyeko nyumbani, vituo vitajaa. Marafiki zangu hawakuacha kutoa, na hilo ndo lililonifurahisha. Walikaa na mwenye kituo, ikachukua muda na maneno makali kiasi, sehemu ya ule mchango ikaanza kwenda kwa familia ili watoto warudi kwao, na mfanyakazi wa ustawi akawa anawatembelea. Baadhi walirudi, baadhi haikuwezekana.

Kwanini tunavutiwa hivyo na picha ya mtoto anayeimba? Wahenga walisema kutoa ni moyo, usambe ni utajiri, na ni kweli mkono hauwezi kufunguka kama moyo haujaguswa. Wapo watafiti, Deborah Small, George Loewenstein na Paul Slovic, walichapisha mwaka 2007 majaribio ambapo watu walionyeshwa kisa cha binti wa miaka saba wa Mali anayeitwa Rokia, na wengine wakapewa takwimu za mamilioni wenye njaa. Waliomwona Rokia walitoa kama mara mbili. Alafu kundi lingine likapewa vyote viwili, Rokia pamoja na takwimu, na mchango ukashuka. Takwimu zilipoza moyo. Nimeifikiria sana hiyo, kwa sababu mimi niliyeandika ripoti najua kwamba shirika lenye picha nzuri linapata kuliko shirika lenye kazi nzuri, na wanaolipia hiyo tofauti ni watu ambao hutakaa uwaone kwenye picha. Ninachofanya binafsi ni kuuacha moyo uamue kwamba nitatoa, alafu kesho yake nikiwa nimetulia ndo naamua wapi. Usiku mmoja tu katikati unatosha.

Kwenye kuamua wapi, tofauti ni kubwa jamani. Wapo watu ambao kazi yao ni kupima hili tu, GiveWell walianza mwaka 2007, vijana wawili waliotoka kwenye kazi za fedha na uwekezaji, wakawa wanauliza mashirika mnafanya nini hasa na ushahidi uko wapi, na makadirio yao ni kwamba kwenye miradi bora kama neti na dawa za kinga ya malaria kwa watoto wadogo inagharimu dola elfu kadhaa kuokoa maisha ya mtu mmoja. Wengine wanaona ni ghali, mimi naona ni kitu kizito sana kukaa ukakitafakari, kwamba watu wa kawaida kabisa wakijikusanya kwa mwaka wanaweza wakawa sababu ya mtoto fulani kufikisha miaka mitano, na hawatakaa wajue jina lake.

Na yule anayesema misaada ni tone baharini, matatizo hayaishi, mimi namkumbusha ndui. Mwaka 1977 mpishi wa hospitali ya Merca, Somalia, Ali Maow Maalin, ndo alikuwa mtu wa mwisho duniani kuugua ndui kwa njia ya kawaida, 1980 ikatangazwa kwamba ugonjwa umekwisha, na kampeni nzima kuanzia 1967 iligharimu kama dola milioni 300, nyingi zikiwa za nchi zenyewe zilizokuwa na ugonjwa. Ugonjwa uliokuwa unaua mamilioni, haupo. Maalin alipona, baadaye akawa anazunguka kwao kuwashawishi wazazi wachanje watoto dhidi ya polio, na alifariki kwa malaria mwaka 2013 akiwa kwenye hiyohiyo kazi. Mnyoo wa Guinea nao, mwaka 1986 kulikuwa na wagonjwa kama milioni 3.5, mnyoo wa karibu mita moja unatoka taratibu kupitia ngozi huku unaviringishwa kwenye kijiti, hauna chanjo wala dawa. Silaha ni kitambaa cha kuchujia maji na watu wa kupita kijiji kwa kijiji, kazi iliyobebwa kwa sehemu kubwa na kituo cha Jimmy Carter, aliyekuwa rais wa Marekani, kwa hela za wachangiaji. Mwaka 2024 walirekodiwa wagonjwa 15 dunia nzima.

Haya yalichukua miongo, na hapo narudi kwenye uvumilivu wa hela. Baada ya tsunami ya tarehe 26 Desemba 2004 michango ilimiminika kiasi kwamba ndani ya siku chache tu Médecins Sans Frontières, wale Madaktari Wasio na Mipaka, walitangaza kwamba kwa tsunami wamepata za kutosha, wakawaomba waliokwisha kutoa waruhusu hela ihamie kwenye dharura nyingine ambazo hazikuwa kwenye televisheni. Wachangiaji wengi walikubali. Mashirika mengine yalichukia yakaona wanaharibu upepo. Mimi nilikuwa bado mgeni kwenye kazi hii na nilisoma ile taarifa mara mbili, sikuwahi kuona shirika linasema imetosha.

Mfano mwingine wa aina hiyo ni shirika la Evidence Action, walikuwa na mradi Bangladesh wa kuwasaidia watu nauli waende kutafuta kazi mjini kipindi cha njaa kabla ya mavuno, majaribio ya mwanzo yalikuwa mazuri, walipoupanua wakakuta hauleti matokeo, mwaka 2019 wakaufunga na wakasema hadharani kwanini. Ukijua namna mashirika yanavyoishi kwa sifa utaelewa hiyo ni ngumu kiasi gani, mishahara ya watu iko pale.

Kwa hiyo mimi hela yangu ya misaada siku hizi inatoka benki yenyewe mwanzo wa mwezi kabla sijaanza matumizi, sehemu kubwa haina masharti. Ya ndugu na jirani naiweka pembeni kabisa, hiyo ni nyingine, siwezi kumpimia shangazi yangu kwa utafiti. Na kabla sijaanza kuchangia shirika jipya nawaandikia swali moja, naomba mniambie ni kitu gani mliwahi kukifanya mkakiacha kwa sababu mligundua hakisaidii. Wengine wananitumia kipeperushi chenye picha nzuri. Wengine hawajibu. Kuna shirika moja dogo, mkurugenzi wake alinipigia simu mwenyewe, akanieleza karibu nusu saa kuhusu mradi wa kuku uliowashinda, vifaranga walikufa kwa nini, nani alionya mapema na hawakumsikiliza, hela iliyobaki waliipeleka wapi na mfadhili alisemaje. Nikamwomba namba ya akaunti hapohapo kwenye simu.